Jina la Kwanza Kwenye Kesi

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi na Parag Dhoble tulipendana tangu mwaka wa tatu wa udaktari, na hapakuwa na mlinzi, mwuguzi wala muuza chai wa hospitali yetu pale Nagpur asiyejua. Lakini Jumapili ile niliambiwa nivae sari ya waridi, nibebe sinia la pohe, mchele bapa uliokaangwa na vitunguu, niingie sebuleni nimeinamisha macho kana kwamba kijana wa watu simjui hata kwa sura. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu. Mapenzi ni yenu wawili, ila uchumba hauanzi mpaka mama wa mvulana aonje pohe ya nyumbani kwenu.

"Usimkodolee macho," Mama alinionya jikoni huku akininyoosha pindo la sari. "Na usichekecheke."

"Mama, huyu mtu nimemshuhudia akitapika kwenye chumba cha maiti."

"Leo hujamshuhudia akifanya lolote. Beba sinia."

Bibi yangu, aliyekuwa kwenye kigoda akimenya vitunguu, akaangua kicheko. "Mwache akodoe! Mimi babu yako sikumtazama siku ile, ati heshima. Kuja kugundua ana makengeza, nimeshaolewa zamani."

Nikaingia. Joto la Mei lilikuwa limebana madirisha yote, na mashine ya kupoza hewa ilinguruma kwenye kona hadi watu wakawa wanasemezana kwa sauti kama wapo stesheni. Kwenye kochi kubwa alikaa mzee Dhoble, baba yake Parag, meneja wa benki mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Kando yake mama Parag, mwanamke mnene, mkimya, mkoba umetulia mapajani. Halafu shangazi yao, ambaye mdomo wake haukujua Jumapili wala sikukuu. Na mwisho wa kochi, huyo hapo, Parag wangu, ndani ya shati la bluu nililomchagulia mimi mwenyewe.

Niliinama nikagusa miguu ya wazee, wakanibariki. Nilipofika kwa Parag na sahani yake nikainua macho, maana mimi na maonyo ya Mama ni paka na maji. Yeye akayahamisha yake, akatazama pohe.

Parag si mtu wa kukwepesha macho. Yule akikutazama, unasahau ulichokuwa unasema. Nikajua kuna jambo.

"Binti, kupika unaweza?" shangazi alianza.

"Naweza, shangazi."

"Na hii pohe ni mkono wako?"

"Mkono wangu."

Bibi alikohoa kule jikoni. Mkono ulikuwa wa Mama, lakini hakuna msichana wa Nagpur aliyewahi kujibu swali hilo vinginevyo.

Mzee Dhoble akala vijiko viwili vitatu, akafuta mdomo, akaweka sahani mezani. "Dokta Ketaki," akasema, "nilisoma gazeti. Kuna kesi Delhi, Mahakama ya Juu. Wameandika 'Ketaki Nimje na wenzake'. Huyo Ketaki Nimje ni wewe, au ni mtu mmefanana majina?"

Shangazi akasahau kijiko mdomoni.

"Ni mimi, Baba."

Kesi yenyewe mtoto mdogo anaielewa. Sisi madaktari tukitaka kusomea ubingwa, nchi nzima tunafanya mtihani mmoja. Lakini mtihani huo walikuwa wameugawa zamu mbili, asubuhi karatasi hii, mchana karatasi nyingine kabisa. Karatasi moja ikiwa ngumu kuliko mwenziwe, wanachukua hesabu yao wanayoijua wao, wanaongeza alama huku, wanapunguza kule, wanasema sasa mko sawa. Sisi tukaomba mahakama iamuru siku moja, zamu moja, karatasi moja kwa wote. Waliopanga ratiba wakajibu kwamba vituo havitoshi, na wakilazimishwa itabidi mtihani uahirishwe. Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Wazee wetu walisema mwenye akili hapandi ngazi ya mahakama," mzee Dhoble aliendelea, akamgeukia baba yangu. "Sivyo, mwalimu?"

Baba akaitikia kwa kichwa. Angefanyaje? Msemo huo ulikuwa wake kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani. Babu yangu na ndugu yake waligombania shamba la michungwa mahakamani mpaka wakafa wote wawili, na kesi ikabaki hai. Wiki nzima Baba alikuwa ananiambia nitoe jina, na wiki nzima mimi nilikuwa namwambia hapana.

"Sisi si watu wabaya," mzee Dhoble akasema. "Binti tumempenda. Lakini kesi inasikilizwa Jumanne. Atoe jina kabla ya Jumanne, pete tuvishane mwezi huu huu. Asipotoa, jamani, tusipotezeane muda. Kijana wangu anaufanya mtihani huu mara ya tatu. Tarehe ikisogezwa, maisha yake yanasogezwa. Mke gani anamtegea mumewe magogo njiani hata kabla hajaolewa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Mama akaniwahi kwa tabasamu la kuombea suluhu: "Watoto wakaongee kidogo peke yao. Ni desturi."

Desturi hiyo huwa ya kumwuliza mgeni anapenda chakula gani. Tukapanda ngazi mimi na Parag, tukatokea juu ya paa, ambako Mama alikuwa ameanika papadi zake za mwaka mzima, vile vimkate vyembamba vya dengu, kwenye shuka nyeupe. Jua lilikuwa kali ajabu.

"Umekonda," nikasema.

"Nasoma."

"Na umekanyaga papadi za Mama."

Akaruka kando, akainama kuokota vipande, na kwa dakika moja alikuwa Parag yule yule wa zamani, mikono mirefu isiyojua pa kwenda. Nilitamani kumshika. Nilitamani kumfuta jasho la paji la uso kwa pindo la sari hiyo ya kuazimwa. Sikumshika.

"Ketaki, toa jina," akasema akiwa bado ameinama.

"Hata wewe?"

"Kesi haitakufa. Wapo wengine watatu."

"Hao watatu unajua niliwapataje? Mamia walinitumia mioyo myekundu kwenye simu. Dokta tuko nawe, dokta songa mbele. Nilipowaambia basi nipeni majina yenu, wote wakayeyuka. Huyu baba hataki, yule mchumba hataki, yule anamwogopa mkuu wa idara. Watatu tu ndio waliniambia, 'Dada Ketaki, ukitangulia wewe, sisi tuko nyuma yako.' Nikitoka mimi, watabaki kumfuata nani?"

Parag alisimama. Safari hii alinitazama, na nikatamani asingenitazama, kwa maana niliona hofu.

"Kuna ombi jingine limepelekwa," akasema. "La kupinga lenu. La wanaotaka mtihani ufanyike tarehe ile ile. Na mimi nimo."

Nilishika ukuta wa paa. Ulikuwa unaunguza, wala sikuuachia.

"Ulisaini lini?"

"Jumatano."

"Jumatano tulikunywa juisi ya miwa pale getini. Ukaniambia nimependeza."

"Ulikuwa umependeza."

"Shenzi wewe, Parag!"

"Nilitaka kukwambia. Nikakuona unacheka, nikashindwa."

"Mwaka jana ulipangiwa zamu ya mchana, karatasi ya kuua watu! Wakaja na hesabu yao ile, wakakushusha mpaka ubingwa wa watoto ukaukosa. Nani alikuletea chakula ukakikataa? Nani alikaa mlangoni kwako akikusikia unalia? Kesi hii niliianza kwa ajili yako!"

"Sikukuomba," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Angefoka ningemjibu, maana kufoka naweza kuliko yeye.

"Sikukuomba, Ketaki. Ulikasirika kwa niaba yangu, na nilikupenda kwa hilo. Lakini mimi hasira imeniishia. Wenzangu wote wana wagonjwa. Mimi nina kiti na taa. Kila asubuhi Baba ananiuliza leo nitasoma saa ngapi, na kila shangazi akija anauliza mtihani lini. Mtihani usio wa haki naweza kuufanya. Kusubiri tena ndiko nisikokuweza. Nitavunjika."

Ubaya wa mambo ni kwamba alikuwa na haki yake. Nilikuwa nimembeba huyu mtu moyoni kama bendera, mwaka mzima, wala sikuwahi kumwuliza kama anataka kupeperushwa. Na hapo hapo nikajua jambo la pili, lililonisimamisha wima: kesi haikuwa yake tena. Ilikuwa ya yule msichana fulani wa kijijini ambaye mwaka huu angepewa karatasi ngumu ya mchana, akaambiwa usijali, tutakuongezea kidogo.

"Sawa," nikasema. "Nimekosea kutokuuliza. Sasa nijibu hili. Mbona unaniambia nitoe langu, na lako hulitoi?"

Akainama tena kuokota vipande vya papadi.

"Sema."

"Kwa sababu langu Baba halijui."

Nilicheka, kicheko kikavu. "Loo! Kwa hiyo mzee amepanda gari na shati lake la pasi kuja kunifundisha adabu mimi, kumbe wa mahakamani mwingine amekaa naye kochi moja anakula pohe! Au jina la mwanamke ndilo peke yake linalonuka?"

"Ketaki..."

"Subiri nimalize. Nikitoa jina leo, mwezi huu utamvisha pete nani? Mtu aliyewatelekeza watatu njiani ili apate mume. Ungemwamini huyo? Mimi nisingemwamini hata kunishikia mkoba."

Upepo wa moto ukapita, shuka ya papadi ikapepea, yeye akaikanyagia pembe isipeperuke.

"Unajua nilikupenda lini?" akaniuliza. "Ulipomwambia profesa mbele ya darasa zima kwamba picha ya mapafu anayotufundishia ameishika juu chini."

"Alikuwa ameishika juu chini."

"Sote tuliona. Ukasema wewe peke yako." Akanikaribia, nikasikia harufu ya sabuni yake. "Bado nakupenda. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi ukinipenda, usinipunguze."

Macho yake yalijaa. Yangu pia yalijaa, ingawa nitakataa nikiulizwa. Tulisimama hivyo, hatujagusana, tumetenganishwa na papadi za Mama, na sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu naye wakati ule.

"Watoto!" shangazi akaita kutoka chini. "Chai inapoa!"

Chai kupoa Nagpur, mwezi wa Mei! Tukashuka.

Wote walikuwa wanatungoja, nyuso zimetulia kwa nguvu. Kwa desturi yetu, baada ya hapo upande wa mvulana hunywa chai, huaga, hurudi kwao, na upande wa msichana hukaa kando ya simu ukisubiri jibu. Msichana mwenyewe hasemi kitu. Yeye amekwisha kuonekana.

"Naam," mzee Dhoble akasema. "Basi sisi tutakwenda, tutafikiri, halafu tutawapigia..."

"Baba, samahani," nikasema. "Msiende kufikiri. Jibu ninalo mimi hapa."

Mama alinikonyeza mpaka nikadhani jicho litamtoka.

"Parag namtaka," nikasema. "Namtaka mbele yenu wote, sioni haya. Na jina langu silitoi. Sikuiba, sikutukana mtu. Nimeomba karatasi moja kwa watoto wote wa nchi hii, wa tajiri na wa maskini, wa asubuhi na wa mchana. Jina hilo nilipewa na bibi yangu yule pale mlangoni, na sitalificha kama ndui. Mtakaonichukua, mnichukue nalo. Msioliweza, chai ipo, kunyweni, tuagane kwa heri."

Nikamtazama Baba. Nilitegemea atainamisha kichwa kwa aibu, na nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu hayo.

Baba aliweka kikombe chake chini. "Mzee mwenzangu," akamwambia mzee Dhoble, "hayo unayomwambia mimi nimemwambia wiki nzima. Nimetumia ukali, nimetumia upole, nimetumia na marehemu baba yangu. Hakutoa. Jana nimewasikia walimu wenzangu wananong'ona, 'Yule ndiye baba yake Ketaki Nimje.' Nikajikuta natembea kifua mbele. Nisamehe, siwezi tena kumwambia atoe."

Baba yangu!

"Vizuri sana," mzee Dhoble akasema, akainuka. "Basi hatuna la..."

"Baba, kaa," Parag akasema.

Sikuwahi kumsikia akimwambia baba yake neno hilo, na nadhani hata baba yake hakuwahi. Alikaa kabla hajajua anakaa.

"Na mimi nimesaini," Parag akasema. Alikuwa amesimama, uso umempauka, mikono yake mirefu imening'inia. "Ombi la kumpinga Ketaki, kule kule Mahakama ya Juu. Nimo."

"Wewe?" Mzee alishika kifua. "Mahakamani? Bila kuniambia?"

"Bila kukwambia. Yeye alijitokeza mpaka gazetini. Mimi nilijificha, halafu nikakaa hapa kimya nikakuacha umseme. Kati yetu wawili, wa kuona aibu ni mimi."

"Basi toeni wote wawili! Yaishe!"

"Sitoi, Baba. Ninachokiomba nakiamini, naye chake anakiamini. Jumanne tutakuwa chumba kimoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Akishinda, nitarudi kwenye kiti changu nisome tena. Nitanung'unika sana, na atanivumilia. Nikishinda mimi, tutafanya mtihani wote wawili, na ataninunia mpaka Diwali."

"Mpaka Holi," nikasema, nikamwongezea miezi minne mingine.

Akanigeukia. Safari hii hakukwepesha. Mbele ya baba yake, mbele ya shangazi, mbele ya pohe iliyopoa, alinitazama kama nilivyokuwa nimezoea kutazamwa, na nikajisikia nimekuwa mrefu. Sijui niiteje furaha ile. Mtu alikuwa amesimama kinyume nami hadharani, na sikuwahi kujivunia mtu kiasi hicho.

Mzee Dhoble aliinuka, akachukua funguo za gari, akaelekea mlangoni. Shangazi akamfuata huku akiguna "Hee! Hee!" njia nzima. Parag alibaki amesimama katikati ya sebule, hajui aende wapi.

Mama Parag hakuinuka.

"Twende, mama watoto!" mzee aliita kutoka nje.

"Washa gari lipoe ndani," akajibu bila kugeuza shingo. "Nakuja."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie kwetu. Alimaliza pohe yake, kijiko kwa kijiko, sisi wote tumesimama kama wanafunzi waliochelewa. Akaweka sahani. Akaniita kwa kidole, nikaenda, nikapiga magoti mbele yake.

"Pohe ya mama yako nzuri," akasema. Mama yangu akatazama dari. "Jumanne huko Delhi, utavaa nini?"

"Sijui, Mama. Labda lile koti langu jeupe la hospitali."

"Koti?" Alinitazama kana kwamba nimesema gunia. "Kesi imeitwa kwa jina lako, nchi nzima inasoma, halafu uende kama mtu aliyetoroka zamu? Hapana." Akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, kushoto, kisha kulia. "Vaa kijani."

Bibi alipiga yowe kule mlango wa jikoni. Mama alijifunika mdomo kwa pindo la sari. Kwetu kijani ndiyo rangi ya bibi harusi, na mama mkwe ndiye humwambia binti wa watu aivae. Hakuna mwingine mwenye haki hiyo.

Nje, mzee Dhoble alipiga honi. Mama Parag akainuka taratibu, akajishikiza begani kwangu. "Huyo niachie mimi," akasema. "Miaka yote hii anadhani yeye ndiye meneja." Akampita mwanawe, akamrekebisha kola ya shati, akamnong'oneza kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Na wewe uvae vizuri. Usije ukashindwa na umevaa kandambili."

Jumanne nilivaa kijani. Walipoitaja kesi yetu, "Ketaki Nimje na wenzake", nilisimama kule nyuma na wale wenzangu watatu, na upande wa pili wa ukumbi Parag alikuwa mtu wa kwanza kugeuka kunitazama.